Vifo Vimefikia

Desemba 2023 nilikuwa nyumbani Dirma kwa likizo. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Dirma ni kata ya wilaya hiyo hiyo ya Hanang, na huku kwetu ni vigumu kupata kaya isiyo na mtu wake Katesh: ndugu, mteja, fundi, mtoto aliyepangishiwa chumba ili asome. Kwa kuwa simu yangu ndiyo iliyokuwa na bando, iligeuka kuwa redio ya ukoo. Kila taarifa iliyofika niliisoma kwa sauti, kuanzia kichwa cha habari hadi cheo cha aliyeitoa, maana wazee hawakutaka nifupishe.

Jioni ya siku ya kwanza idadi ya waliofariki ilikuwa 47. Siku zilizofuata ikawa 63, ikawa 76, na mwishowe 89. Katikati ya kupanda huko baba mkubwa alinikatisha. "Subiri kwanza, mwanangu," akasema. "Hawa wanakosea kuhesabu, au wanatupimia?"

Kutupimia, yaani kama mtu anavyompimia mgonjwa habari mbaya, kijiko kwa kijiko. Niliporudi chuoni nilianza kuhifadhi taarifa za serikali kwenye folda, za Hanang na za kwingineko, na sasa nikiwa mwanafunzi wa uzamili katika Kiswahili nazisoma kama wenzangu wanavyosoma riwaya. Wananicheka. Lakini taarifa kwa umma ni utanzu kamili. Ina nembo juu, ina fomula ya kufungulia (serikali "imepokea kwa masikitiko"), ina wahusika wanaotajwa kwa vyeo vyao vyote, na ina kitambulisho cha mwisho, "Imetolewa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini". Pengine ndiyo maandishi ya Kiswahili yanayosomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote tuliyowahi kufundishwa, na hakuna anayeyahakiki.

Nianze na kitenzi kimoja. Taarifa za maafa husema vifo "vimefikia" idadi fulani. Tumekizoea kiasi kwamba hatukisikii tena, lakini kisikilize. Vifo vinafika, kama basi linavyofika stendi. Hakuna aliyehesabu, hakuna aliyekosea kuhesabu jana, hakuna aliyefukua tope usiku akaongeza mmoja. Ukiambiwa leo vifo vimefikia 63 na jana ulisikia 47, huwezi kujua kama miili 16 imepatikana kati ya jana na leo, au kama jana kuna kituo cha afya ambacho hakikupiga simu. Hayo ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni habari ya uokoaji, la pili ni marekebisho. Kitenzi "vimefikia" kinayafunga pamoja kwenye kifurushi kimoja, na mtu aliyekaa Dirma akingoja jina la shangazi yake anabaki kukipapasa kifurushi kwa nje.

Kwa Hanang, jibu la sehemu hii ya swali la baba mkubwa naliona jepesi. Idadi ilipanda kwa sababu watu walikuwa chini ya tope na tope halitoi watu wote siku moja. Kuiita 47 kosa ni kumwonea aliyeitoa. Ningekuwa yeye, saa ile, ningetoa 47.

Lakini soma zaidi ya vifo. Siku zile msemaji mkuu wa serikali wakati huo, Mobhare Matinyi, alipotangaza vifo 63 na majeruhi 116, alieleza pia kwamba kaya 1,150 zenye watu 5,600 zimeathirika, na ekari 750 za mashamba zimeharibiwa. Zitazame namba hizo kwa jicho tu, bila kikokotoo. Waliokufa 63. Majeruhi 116. Hizo zina makali, zinaonyesha kidole kilichokuwa kinahesabu. Halafu 1,150, halafu 5,600, halafu 750. Zote zinaishia na sifuri. Wafu na majeruhi walihesabiwa. Walio hai wasio na jeraha walikadiriwa. Sisemi hilo ni udanganyifu. Katika siku ya pili ya maafa hakuna halmashauri duniani ingeweza kuhesabu watu 5,600 mmoja mmoja. Ninachosema ni kwamba zote zilitangazwa kwa sauti ileile, bila neno dogo la "takriban" la kumwonyesha msikilizaji mahali ambapo hesabu inaishia na makisio yanaanzia. Na msaada, unga, blanketi na mahema, hugawiwa kwa kufuata makisio.

Hivyo basi, kati ya uzembe na makusudi? Bado.

Kuna kisa kinachoonyesha vizuri jinsi kitenzi chetu kinavyokwama. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Siku ile tuliambiwa waliookolewa ni 26. Baadaye vifo vikawa 19. Mtoto wa darasa la tatu anajua 26 na 19 ni 45. Idadi ya manusura ikashushwa hadi 24, hesabu ikakaa sawa, maisha yakaendelea. Nadhani najua kilichotokea: siku ya kwanza mtu huhesabu vitanda vya hospitali, na aliyelala kitandani si lazima awe alikuwa kwenye ndege. Kosa la kibinadamu kabisa. Shida ni kwamba lugha yetu ya taarifa ina ngazi ya kupandia tu. "Vimefikia" haina kinyume. Namba ikitakiwa kushuka hakuna fomula, kwa hiyo ile mpya huwekwa mahali pa ile ya zamani kimyakimya, kama mtu anayebadilisha kikombe kilichovunjika kabla mgeni hajarudi sebuleni. Familia zilizokesha zikiamini kwamba mtu wao ni mmoja wa wale 26 hazikuwa na sentensi ya kushika.

Nimeona jiko linakopikwa maandishi haya. Niliwahi kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja ya umma, kwenye kitengo cha habari chenye watu wawili na kompyuta moja iliyokuwa ikizima feni ikiwashwa. Taarifa mpya haiandikwi, hufunguliwa. Afisa anafungua faili la taarifa ya zamani, anafuta matukio, anaacha mifupa, anahifadhi kwa jina jipya. Ndiyo maana unakutana na taarifa ya mafuriko yenye tarehe ya Mbio za Mwenge za mwaka uliotangulia. Ukiona hivyo usitafute njama. Ni faili la zamani limesahau kwamba limeshakuwa jipya.

Ila niliona na jambo jingine. Rasimu moja, ukurasa mmoja na nusu, ilirudishwa kutoka juu mara tatu. Mara ya kwanza kwa sababu "Mhe." ilikosekana kwenye jina la kiongozi mmoja. Mara ya pili kwa sababu kiongozi wa pili alitajwa kabla ya wa kwanza. Mara ya tatu kwa sababu wadhifa wa mgeni rasmi uliandikwa kwa ufupi. Katika rasimu hiyohiyo jina la kijiji ambako mradi wenyewe ulikuwa limeandikwa kwa namna mbili, moja aya ya kwanza na nyingine aya ya nne. Mwanafunzi mwenzangu wa mafunzo alilionyesha. Akajibiwa kwa upole, "Hilo wataelewa." Taarifa ikatoka na vijiji viwili, kimoja kati yake hakipo duniani.

Tangu hapo nazisoma taarifa kwa swali tofauti na la baba mkubwa. Siulizi kosa ni la uzembe au la makusudi. Nauliza jicho la kusahihisha lilikuwa linatazama wapi.

Kwetu huko majina yanatoa ushahidi mzuri kwa sababu hayakuzaliwa katika Kiswahili. Ni ya Kiiraqw na ya Kidatooga. Wilaya yenyewe huandikwa Hanang na Hanang', na alama hiyo ndogo ya ng'ombe si pambo, inabadilisha sauti. Kuna Bassotu na Basotu, Endasak na Endasaki, Wareta na Waret na Warret. Masqaroda ina q ambayo huishia kuwa k katika karatasi za kila siku. Dirma, ambayo Mswahili wa pwani huiona imekosa irabu katikati, huongezewa irabu hiyo kwa ukarimu: karatasi moja ya baba inamtambulisha kuwa mkazi wa "Dirima", na kwa miaka kadhaa kila alipofika dirisha fulani alitakiwa kueleza kwamba Dirima na Dirma ni mahali pamoja, na kwamba yeye ni mtu mmoja. Kabila la watu wanaochunga kandokando yetu, Wabarabaig, liliandikwa kwa muda mrefu "Mang'ati", jina walilopewa na Wamaasai, na maana yake ni adui. Hebu fikiria kujaza fomu.

Sasa linganisha. Katika folda yangu yote sijapata taarifa hata moja iliyokosea jina la waziri. Mwandishi ni yuleyule, kompyuta ileile, haraka ileile, mvua ileile ikinyesha bati lilelile. Kama uzembe ungekuwa ni uchovu tu, ungeangukia majina yote kwa usawa, kama mvua. Haufanyi hivyo. Unajua njia. Hapana aliyekaa akapanga kukosea jina la Dirma. Lakini kuna mahali ambapo kukosea kunagharimu barua ya onyo, na kuna mahali ambapo "wataelewa". Mtu mwenye muda mdogo huutumia pale anapoogopa. Hilo halihitaji makusudi ya mtu mmoja, na ndiyo sababu ukimkamata mtu mmoja hupati kitu.

Mwenzangu wa darasani, aliyekulia Dar es Salaam na anayependa siasa kuliko mimi, ananiambia nina huruma kupita kiasi. Kwake kosa ni silaha: wanarusha namba mbaya makusudi ili ikipingwa waseme ilikuwa bahati mbaya. Sikatai kwamba serikali huficha. Nakataa kwamba huficha kwa kukosea. Anayeficha kwa ustadi huandika vizuri sana. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka tarehe 26 Aprili 1986; shirika la habari la Kisovieti, TASS, lilitoa tangazo lake jioni ya tarehe 28, baada ya vipimo vya Sweden kushtuka. Lilikuwa tangazo fupi sana: ajali imetokea, kinu kimoja kimeharibika, hatua zinachukuliwa, waathirika wanasaidiwa, tume imeundwa. Tafuta kosa humo. Hakuna. Kila sentensi ingeweza kuapishwa. Na ukiondoa neno kinu, ungeweza kulisoma jioni yoyote katika redio yoyote ya Afrika Mashariki bila msikilizaji kuinua kichwa.

Au chukua mfano wetu. Mwaka 2020 Tanzania iliacha kutoa takwimu za korona zikiwa kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kimya hicho kilidumu zaidi ya mwaka. Namba iliyogoma kwenye 509 haikuwa na kosa la chapa. Kila mtu aliyezika katika miezi ile anajua kama ilikuwa kweli au la. Kwa hiyo mwenzangu anapotafuta makusudi ndani ya makosa, nadhani anapekua mfuko usio na kitu. Mimi nikikuta taarifa ina tarehe iliyokosewa na sentensi iliyokatika, karibu nafarijika: kulikuwa na mtu, alikuwa na haraka, hakupata muda wa kupanga uongo.

Tena wakitaka kusahihisha wanaweza, na vizuri. Siku zile za Hanang ulivuma uvumi kwamba mlima umelipuka volkano. Mlima wetu ni wa asili ya volkano kweli, una zaidi ya mita 3,400, na watu waliosikia mngurumo alfajiri hawakuwa wajinga kudhani hivyo. Serikali ilijibu upesi na kwa Kiswahili safi: wataalamu wa jiolojia wamefika, hakuna volkano, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikashindwa kubeba uzito, ikameguka na kuwa tope lililoshuka kwa kasi. Kwangu hiyo ndiyo maelezo bora kuliko yote katika folda. Ilitaja kosa, ikasema si kweli, ikaeleza kilicho kweli na namna kilivyotokea. Baba mkubwa, ambaye haamini kitu chenye nembo, aliomba niisome mara mbili, kisha akaanza kuwaeleza wengine habari za miamba na maji kana kwamba aliishika kwa mkono.

Kumbe fomula ya marekebisho ipo. Hutumika kosa likiwa letu.

Hapa ndipo ninapokosa huruma. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayechapisha taarifa za uongo akijua ni za uongo. Maneno "akijua" yamo ndani ya sheria, lakini mtu aliyesambaza namba mbaya kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hana kitengo cha mawasiliano cha kumtetea kwamba alikuwa na haraka. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa ni kosa kutoa takwimu zinazopingana na zile rasmi. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka uliofuata baada ya makelele mengi, ya ndani na ya Benki ya Dunia. Kwa karibu mwaka mzima, basi, mwalimu wa Bukoba aliyejumlisha 26 na 19 angekuwa na sababu ya kujiuliza mara mbili kabla ya kuandika jibu ubaoni. Natia chumvi kidogo, kwa kuwa ndege ilianguka baadaye. Kidogo tu.

Na hata kabla ya intaneti, watu wa Hanang walishawahi kuona jinsi maneno yao yanavyosomwa. Kuanzia miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye nyanda za Basotu, ambako Wabarabaig walikuwa wakichunga na kuzika wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani wakashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliwanyang'anya ushindi huo, na mojawapo ya sababu ni kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi ya enzi za ukoloni. Walikuwa wamesimama kizimbani wakieleza malisho, makaburi na visima, na hawakukumbuka kutamka neno moja ambalo kila aliyekuwa chumbani mle aliliona kwa macho yake. Hawakuambiwa "hilo tutaelewa". Neno lililokosekana katika ushahidi wao lilisomwa kama ardhi iliyokosekana.

Kwa hiyo mtu wa Dirma anaposhika taarifa yenye kijiji kisichokuwepo, na mtu wa mjini akamwambia asikuze mambo, ni herufi tu, wamesoma historia mbili tofauti. Huyu wa mjini anaona afisa aliyechoka, na yuko sahihi. Huyu wa Dirma anakumbuka kwamba yeye hajawahi kuruhusiwa kuchoka mbele ya karatasi. Baba alipopeleka "Dirima" yake dirishani hakuna aliyemuuliza kama kosa lilikuwa la uzembe au la makusudi. Alitakiwa kiapo, kwa gharama yake, cha kusahihisha herufi ambayo hakuiandika yeye.

Nilijaribu zoezi dogo na folda yangu. Nilichukua taarifa za Hanang za juma la kwanza nikazipanga kwa tarehe, kisha nikaziandika upya kwa kuongeza kila moja mstari mmoja, kama ambavyo magazeti mengine hufanya kwenye ukurasa wa pili: Jana tulisema 47, leo ni 63, walioongezeka wamepatikana wakati wa uokoaji. Au: wameongezeka kwa sababu jana hatukuwa tumepokea hesabu za kituo fulani. Sikuweza kuumaliza mstari huo kwa taarifa hata moja, kwa kuwa sababu yenyewe haimo ndani ya maandishi. Zipo 47, zipo 63, na kati yake ni nafasi nyeupe ya upana wa siku moja.

Nilimsomea baba mkubwa zoezi hilo kwa simu mwezi uliopita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, katika ule mstari wangu, jina la kituo nimeliandika kwa herufi gani.